Huruma ya Nesi wa Ocean Road Ipimwe Lisekese

Msikilizaji, katika mazungumzo ya jioni ya leo nataka tulitazame swali ambalo kwa haraka laweza kuonekana la vitabuni: je, huruma ya muuguzi kwa mgonjwa wa saratani anayepewa dawa za dripu, yaani tibakemia, inaweza kupimwa? Na kama inapimika, ipimwe wapi, na aulizwe nani? Watafiti wa uuguzi wamehangaika na jambo hili kwa zaidi ya miaka 40, na madodoso yao yapo. Rai yangu ni kwamba inapimika, ila kwa kawaida tunaipima mahali pasipo. Tunamuuliza mgonjwa akiwa bado kitandani, kanula mkononi, nesi amesimama hatua tatu pembeni yake. Kwa mtu wa Lisekese hapa Masasi, au wa Newala kule juu kwenye uwanda wa Makonde, nesi wa Dar es Salaam anapaswa kupimwa nyumbani kwa mgonjwa, siku ya kumi hivi baada ya dripu.

Tuanze na ramani, maana hoja yote inasimama juu yake. Taasisi ya Saratani Ocean Road iko ufukweni Dar es Salaam, mahali palipokuwa na hospitali iliyojengwa na Wajerumani mwishoni mwa karne ya 19, na imekuwa taasisi kwa mujibu wa sheria tangu mwaka 1996. Tibakemia hutolewa pia Bugando kule Mwanza na KCMC Moshi, lakini kwa mtu wa kusini huko ni mbali zaidi. Anayetoka Lisekese atapanda basi Masasi mjini, apite Ndanda, Mnazi Mmoja, Nangurukuru na Kibiti, zaidi ya kilomita 500, ndipo aione Mbagala. Wala si safari ya wachache. Makadirio ya Wakala wa Kimataifa wa Utafiti wa Saratani, ulio chini ya Shirika la Afya Duniani, yalionyesha kwamba mwaka 2020 Tanzania ilikuwa na wagonjwa wapya zaidi ya 40,000 na vifo karibu 27,000, saratani ya mlango wa kizazi ikiongoza. Sasa, tibakemia haimalizwi kwa mara moja. Hutolewa kwa mizunguko, na kwa dawa nyingi mzunguko mmoja ni siku 21: dripu siku moja, pengine mbili au tatu, halafu mwili unaachwa ujijenge kabla ya dripu nyingine. Piga hesabu mwenyewe. Katika siku hizo 21, nesi anaonana na mgonjwa siku moja hadi tatu. Zilizobaki mgonjwa yuko kwa shemeji yake Mbagala, au amerudi nyumbani kwa sababu korosho zimeanza kudondoka na hakuna wa kuziokota.

Na katika siku hizo zilizobaki ndipo hatari kubwa inapojificha. Dawa za saratani huua seli zinazogawanyika haraka, na seli nyeupe za damu, zile zinazotulinda na vijidudu, zimo katika hesabu hiyo. Kati ya siku ya 7 na ya 14 hivi, kwa dawa nyingi, kinga ya mgonjwa hushuka hadi chini kabisa. Akishikwa na homa wakati huo, hana askari wa kumpigania. Anahitaji antibayotiki ya mshipani ndani ya saa chache, na akicheleweshwa hadi kesho yake anaweza kufa. Lakini huku kwetu homa tunajua inavyopokewa. Jina lake la kwanza ni malaria. Mtu atameza panadoli, atatafuta dawa ya mseto duka la jirani, atajifunika blanketi asubiri kupambazuke. Mgonjwa wa tibakemia akifanya hivyo, si ujinga, ni mazoea ya watu wote waliomzunguka, na mazoea hayo mara nyingi huwa sahihi kwa mtu mwingine. Mtu pekee aliyekuwa na nafasi ya kuyavunja ni yule nesi aliyekuwa akiikagua dripu yake siku kumi nyuma. Je, alimwambia? Alimwambia mara ngapi, kwa lugha gani, na alihakikisha kuwa ameelewa? Alimwambia na mtoto wake aliyemsindikiza? Hapo ndipo ninapotaka mizani iwekwe.

Hebu tuone waliotangulia walipima nini. Mwaka 1979 Jean Watson wa Marekani alitoa kitabu kilichodai kwamba kujali ni kiini cha uuguzi na ni jambo la kusomewa, wala halitokani na tabia njema tu ya aliyebahatika kuzaliwa nayo. Baada yake wakaja wapimaji. Zane Robinson Wolf aliunda dodoso la vitendo vya kujali, na toleo lake fupi lina maswali 24 yanayohusu heshima, ujuzi, ukaribu na kumpa mgonjwa uhakika. Mgonjwa hujibu kwa kiwango, kuanzia kamwe hadi siku zote. Lakini kwa wagonjwa wa saratani hasa, kazi inayonivutia kuliko zote ni ya muuguzi mwingine wa Marekani, Patricia Larson, iliyochapishwa mwaka 1984. Aliandika vitendo 50 kwenye kadi, akawapa wagonjwa wa saratani wazipange kuanzia kinachowafanya wajione wanajaliwa zaidi hadi cha mwisho. Ungetarajia waweke juu maneno matamu, kushikwa mkono, kusikilizwa. Sivyo. Juu kabisa waliweka nesi anayejua kuchoma sindano, kuweka dripu na kuvimudu vifaa vyake. Larson alipowapa wauguzi wa saratani kadi hizohizo, wao waliweka juu kumsikiliza mgonjwa. Na hilo halikuwa la hospitali moja: mapitio ya tafiti nyingi yaliyochapishwa mwaka 2011 na Evridiki Papastavrou wa Cyprus na wenzake yalikuta kwamba wauguzi na wagonjwa mara nyingi hawaioni huruma mahali pamoja.

Usiwacheke wagonjwa wale kwa kupenda sindano kuliko maneno. Doksorubisini, ile dawa nyekundu inayotumika sana kwa saratani ya matiti, ikivuja nje ya mshipa huunguza nyama, na kidonda chake kinaweza kuchukua miezi. Mgonjwa aliye kwenye mzunguko wa nne, mishipa imekwisha kukakamaa, anajua ni nesi yupi huupata mshipa kwa mara ya kwanza na yupi humtoboa mara tano. Anajua nani alikuja alipolalamika kwamba panachoma, na nani alijibu kutoka mezani kwamba ni kawaida. Anajua kama dawa ya kuzuia kutapika iliwahi kufika kabla ya dripu, au ilikuja baada ya kutapika. Kwake ujuzi na huruma havitofautiani, kwa sababu vyote viwili vinaufikia mwili wake kwa njia ileile. Ninaona wagonjwa wa Larson walikuwa na akili zaidi ya madodoso mengi yaliyofuata, yale yanayomuuliza mtu kama nesi alitabasamu.

Kuna atakayesema: mgonjwa si mtaalamu, atahukumuje kazi ya kitaalamu? Hoja hiyo ina nusu ya ukweli. Hawezi kujua kama kipimo cha dawa kilikokotolewa sawasawa kwa urefu na uzito wake. Hilo likaguliwe kwenye jalada, na wanaojua. Lakini kuna mambo ambayo shahidi wake ni mgonjwa peke yake. Hakuna jalada linaloandika kwamba nesi alipita kitandani akauliza, au kwamba hakupita. Tukimnyima mgonjwa nafasi ya kusema, tunabaki na maneno ya nesi kuhusu nesi.

Pingamizi zito zaidi ni hili: wagonjwa wetu hawasemi ukweli. Mtu mzima wa Kimakua au Kimakonde aliyekwenda kutafuta uhai Dar es Salaam, ukimuuliza kama alihudumiwa vizuri, atakwambia vizuri sana, tunashukuru. Atakwambia hivyo hata kama hakupewa shuka, kwa sababu ya adabu, na kwa sababu baada ya wiki tatu anarudi palepale, kwenye mikono ileile yenye sindano. Hofu hiyo si ya kubuni, imepimwa hapa hapa Tanzania, ingawa katika huduma nyingine, ya uzazi. Katika mkoa wa Tanga, watafiti wa mradi wa Staha, ulioziunganisha Taasisi ya Afya Ifakara na Chuo Kikuu cha Columbia cha Marekani, waliwauliza kina mama kama walidharauliwa au kunyanyaswa walipokwenda kujifungua. Walipoulizwa wakiwa wanatoka kituoni, waliokubali ni takriban asilimia 19. Walipofuatwa wengine kati yao nyumbani baada ya wiki tano hadi kumi, waliokubali walifika asilimia 28. Kituo ni kilekile, wakunga ni walewale. Kilichobadilika ni mahali pa kuulizia na muda uliopita. Unaweza kudai kwamba kumbukumbu hukuza maumivu, na pengine ni kweli kwa baadhi yao. Lakini pia ni kweli kwamba mama aliyekaa kwake, mtoto ameshiba, hana wa kumwogopa. Kati ya majibu hayo mawili, mimi ninaliamini zaidi la nyumbani, na kama ni hivyo kwa mama ambaye hatarudi kujifungua kituoni kwa mwaka mzima au zaidi, sembuse mgonjwa wa saratani ambaye tarehe ya kurudi imeandikwa kwenye kadi yake.

Wengine watakataa hoja tangu mwanzo. Watasema huruma iko moyoni na moyo hauingii kwenye mizani. Nawakubalia kuhusu moyo, ila siutafuti moyo. Nesi aliyekesha zamu mbili, ambaye leo hahisi chochote isipokuwa usingizi, lakini akarudi kukagua mshipa, akampa mgonjwa dawa ya kichefuchefu kwa wakati, akamrudisha nyuma yule ndugu aliyekuwa anaondoka na kumweleza juu ya homa, huyo amemhurumia mgonjwa, ahisi asihisi. Na yule mwenye sauti ya asali aliyemwita kila mtu mama na baba, akamruhusu mgonjwa apande basi la Masasi bila kujua kwamba homa ya wiki ijayo si malaria, huyo hakumhurumia. Ninajua hukumu hii inasikika kavu. Wagonjwa wanapenda pia kuitwa vizuri, na wana haki hiyo. Matusi wodini hayana utetezi. Lakini ikibidi kuchagua cha kupima kwanza, mimi napima kile ambacho kukosekana kwake huishia kaburini.

Lipo pia onyo la kweli kutoka Marekani, nalo tusilipuuze. Kule hospitali hupimwa kwa maswali wanayoulizwa wagonjwa baada ya kuruhusiwa: mara ngapi wauguzi walikuheshimu, mara ngapi walikusikiliza, mara ngapi walikueleza ukaelewa. Majibu hayo yanagusa malipo ya hospitali. Ndani ya maswali hayo palikuwa na la maumivu, na ikahofiwa kwamba linaweza kuwasukuma madaktari kutoa dawa kali za kulevya ili wapate alama nzuri. Mwaka 2016 serikali yao iliamua kuyaondoa maswali ya maumivu kwenye hesabu ya malipo. Funzo ni kwamba watu huinama kuelekea kinachohesabiwa. Basi na tuchague cha kuhesabu ambacho kukiinamia ni faida. Wauguzi wa wodi fulani wakiamua kwamba, ili wapate alama, watamkaririsha kila mgonjwa na ndugu yake juu ya homa mpaka waimbe, wafanye hivyo. Udanganyifu wa namna hiyo hauna anayeumia.

Nabakiza pingamizi la wauguzi wenyewe, ambalo nadhani ndilo la haki kuliko yote. Watasema: tuko wachache, dripu ni nyingi, viti vimejaa, na ninyi mnataka kutuletea fimbo nyingine. Nchi hii haiogopi kupima. Serikali ilipozipa nyota zahanati, vituo vya afya na hospitali za ngazi ya msingi mwaka 2015 na 2016, takriban theluthi moja hazikupata hata nyota moja. Kwa muuguzi aliyepo peke yake kwenye zahanati, nyota sifuri inaweza kusomeka kama lawama juu ya kichwa chake, hata pale ambapo kosa ni la bomba lisilotoa maji. Kwa hiyo nasema wazi: kipimo hiki kisimpime nesi mmoja mmoja, na jina lake lisiandikwe. Ipimwe wodi, na kando ya alama yake iandikwe siku ile walikuwapo wauguzi wangapi na dripu ngapi. Wodi yenye alama mbaya na nesi mmoja kwa wagonjwa 30 haihitaji semina ya maadili, inahitaji ajira. Na hapa mradi wa Staha unatusaidia tena. Tanga hawakuishia kuhesabu. Waliwakutanisha wanakijiji na watumishi wakakubaliana mkataba wa huduma, kisha kituo kikaachiwa kijirekebishe, na baadhi ya marekebisho yalikuwa madogo ya kushangaza: mapazia ya faragha, chai kwa watumishi wa zamu. Uwezekano wa mama kunyanyaswa ulishuka kwa asilimia 66 ukilinganishwa na mahali ambapo mradi haukufanyika. Chai ya zamu, msikilizaji. Anayetaka nesi amhurumie mgonjwa aanze kwa kumhurumia nesi, na kipimo kilichofanywa vizuri kinaweza kuwa shahidi wa nesi mbele ya wanaopanga bajeti.

Namna ya kufanya si ngumu, na vifaa tunavyo. Mhudumu wa afya ngazi ya jamii, ambaye tayari anazijua nyumba za mtaa wake, amtembelee mgonjwa wiki moja au mbili baada ya kurudi. Asimuulize ameridhika kiasi gani. Swali hilo huzaa shukrani tupu. Amuulize ulipoanza kuchomwa mkono, nani alikuja? Dawa ya kutapika ulipewa kabla au baada? Ukipata homa usiku wa leo utafanya nini, na huyu anayekuuguza anajua? Una namba ya kupiga? Kwa wazee wasiosoma, na wanaojieleza vizuri zaidi kwa Kimakonde, Kimakua au Kiyao, asitumie karatasi yenye visanduku vya kuweka tiki. Chama cha Tiba Shufaa Afrika kina kipimo cha maswali 10 kwa wagonjwa walio katika hali nzito na ndugu zao, kilichothibitishwa Uganda na Afrika Kusini, ambacho mgonjwa anaweza kukijibu kwa mkono wake: ngumi ni sifuri, vidole vyote ni tano. Mtu anayeweza kufumbua mkono anaweza kutoa ushahidi.

Na kama mgonjwa alifundishwa vizuri Dar es Salaam, akafika hospitali ya Mkomaindo hapa Masasi saa nane usiku na homa yake, akapangishwa foleni ya kupima malaria hadi asubuhi? Hapo atauliza mtu, kwa nini tumlaumu nesi wa Ocean Road? Hatumlaumu. Lakini barua fupi aliyompa mgonjwa, inayosema huyu yuko kwenye tibakemia, tarehe ya dripu ni hii, homa yake ni ya dharura, ingemsemea kwa nesi wa zamu asiyewahi kumwona. Kipimo kinachofanyika huku mwisho wa barabara kitaonyesha mnyororo umekatikia wapi: wodini Dar es Salaam, kwenye basi, au mlangoni pa hospitali yetu. Kinachofanyika kule hakiwezi kuona zaidi ya geti la taasisi.

Wakati wanaohusika wakiendelea kulipima jambo hili au kulikwepa, wewe unayenisikiliza, ukiwa Lisekese, Newala au Ndanda, na nyumbani kwako yupo aliyerudi na dripu za saratani, muulize leo kama anajua la kufanya akipata homa. Weka kipimajoto ndani. Joto likifika nyuzi 38 katika wiki hizo mbili baada ya dripu, usimpe panadoli ukasubiri asubuhi. Mpeleke hospitali usiku huohuo, na kabla hawajauliza chochote, waambie yuko kwenye tibakemia.